Msoma mawazo wa jukwaani hayuko peke yake kama unavyodhani

Chukulia uko ukumbini, taa zimefifishwa, jukwaani kuna stuli moja, meza ndogo na jamaa mmoja kavaa suti nyeusi, basi. Hana sanduku la kukatia watu vipande, hana njiwa, hana msichana wa kumshikia kofia. Anamnyooshea kidole dada mmoja safu ya tatu, anamwambia simama, mkumbuke rafiki yako wa kwanza kabisa wa utotoni, usitamke kitu, ivute tu sura yake. Kimya. Jamaa anamkazia macho, anafumba, anafungua, anaandika kitu kwenye kibao, anafuta, anaandika tena, afu anasema taratibu "ni msichana... jina sio refu... naona R... Rehema." Yule dada anaziba mdomo kwa mikono miwili na ukumbi mzima unalipuka.

Shida ya hii kitu ni kwamba haina pa kushika. Mtu wa mazingaombwe ya kawaida akitoa sungura kwenye kofia unajua kabisa hiyo kofia ina namna, hujui namna gani lakini angalau una kitu cha kukishuku. Hapa utashuku nini, stuli? Kilichotumika ni kichwa cha yule dada tu, kwa hiyo watu wanabaki na majibu mawili, ama jamaa ana kipaji kisicho cha kawaida ama yule dada kapangwa, na kila nikisikia watu wanabishana kuhusu hawa mentalisti, yaani wasoma mawazo wa jukwaani, wanabishania hizo kona mbili wee mpaka wanachoka. Mara nyingi hakuna iliyo kweli. Dada hajapangwa, na jamaa hana kipaji hicho.

Mi naona pa kuanzia ni hilo neno "peke yake", maana ndo uongo wa kwanza wa shoo nzima na hakuna hata mtu anayeushtukia.

Zamani kusoma mawazo jukwaani ilikuwa kazi ya watu wawili. Mwaka 1846 kule Paris kulikuwa na Robert-Houdin, fundi saa aliyegeukia mazingaombwe, alikuwa anamfunga mwanae Émile kitambaa machoni jukwaani, yeye anashuka kwa watu anapokea saa, pete, sarafu, na mtoto kule juu anavitaja kimoja kimoja. Miaka ya baadaye wakaja Julius Zancig na mkewe Agnes, hao walizunguka nao dunia huo mchezo. Njia iliyozoeleka ya kazi hii ilikuwa kuficha jibu ndani ya swali. "Hiki nini" ni kitu kimoja, "haya, hiki nini" ni kingine, "sema basi" ni kingine kabisa, na wote wawili wamekariri orodha ndefu ya maneno ya kawaida yanayosimama badala ya namba, rangi, madini, majina. Watu walipoanza kuhisi kwamba ujanja uko kwenye maneno, Robert-Houdin akaacha kuongea akawa anagonga kengele tu, na mtoto bado anajibu! Yaani kila ukiziba tundu wanatoboa lingine.

Sasa mentalisti wa solo amemuondoa huyo mtu wa pili, na hapo ndo panapofanya shoo yake ionekane nzito. Lakini habari haiwezi kutoka kichwani kwako ikaruka hewani ikatua kichwani kwake, lazima ipite mahali, na ukifuatilia vizuri utakuta imepita kwako wewe mwenyewe uliyekaa kwenye kiti, kwenye mkono wako au kalamu yako au mdomo wako. Wewe ndo Émile. Tofauti ni kwamba hujaambiwa.

Mkono kwanza, maana huu ndo mchezo ninaoupenda kuliko yote na hauna hata karatasi. Miaka ya 1870 kule Marekani alitokea J. Randall Brown, unaficha pini popote pale, afu anakushika mkono na kukuvuta mbiombio mpaka kwenye ile pini. Washington Irving Bishop akauchukua mchezo huo akaufanya mkubwa mpaka Ulaya. Watu walidhani anasoma akili, kumbe anasoma msuli. Tayari mwaka 1852 Mwingereza William Carpenter alishaueleza na kuupa jina, aidiomota: ukifikiria tendo kwa nguvu, mwili unaanza kulitenda kidogokidogo bila wewe kuamua na bila hata kujua. Unaweza kujaribu leo. Mwambie mtu afiche ufunguo chumbani wakati wewe uko nje, afu mshike kifundo cha mkono, mwambie awaze tu "kulia, kushoto, mbele" bila kusema, na wewe uanze kutembea haraka kidogo bila kusitasita. Ukielekea sipo utausikia mkono wake unakuwa mzito, kama unavuta mlango uliobana, na ukielekea penyewe mkono unakuwa mwepesi ghafla, unakufuata wenyewe. Mara ya kwanza utakosea, ya pili utakosea, ya tatu utashangaa. Na mwenyewe ataapa hajakusaidia hata chembe.

Hata mnyama anaweza. Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na farasi anaitwa Hans, eti anajua hesabu, unamuuliza anagonga kwato mara kadhaa mpaka jibu. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst akamchunguza, na ripoti yake ikatoka 1907: Hans alikuwa anapata pale tu muulizaji anapolijua jibu na yeye anapomuona huyo muulizaji. Kumbe idadi ikifika watu wanainua kichwa kidogo sana bila kujijua, farasi anaona, anaacha kugonga. Hakuna aliyemfundisha hiyo ishara wala aliyemdanganya mtu. Kreskin, Mmarekani aliyefariki 2024, alikuwa na mchezo wake maarufu wa malipo, cheki yake ya usiku ule inafichwa na watazamaji wenyewe popote ukumbini, asipoipata halipwi. Karibu kila mara aliipata.

(Huyo Bishop aliishia vibaya, nisipoisema hii nitajisikia nimewanyima. Mwaka 1889 alianguka New York akiwa anafanya mchezo wake kwenye klabu, madaktari wakasema kafa, wakampasua haraka haraka, na mama yake akasimama kidete kwamba mwanae alikuwa na ugonjwa wa kuzimia unaomfanya aonekane maiti, kwa hiyo kisu ndo kilichomuua. Kesi haikumfunga mtu.)

Haya, kalamu. Umeshajiuliza kwa nini mtu anayesoma mawazo anakuomba uandike? Atakupa sababu nzuri tu, "ili usije ukabadilisha", "ili ukumbi ujue hatudanganyani", "ukiandika picha inakaa vizuri kichwani". Sababu zote zina mantiki na zote ni danganya toto. Kilichoandikwa kinaweza kuonwa. Karatasi inakunjwa mara mbili, anaichana vipande mbele ya macho yenu kuonyesha kwamba hataki hata kuiona, anavichoma au anavitupa, ila kile kipande cha katikati ulipoandika neno lako kimebaki kwenye vidole vyake. Anahitaji sekunde moja ya kukitupia jicho, na hiyo sekunde anaipata anapogeuka kuchukua kalamu. Ni ujanja wa zamani sana, umeshachapishwa kwenye vitabu vya fani hii tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo sidhani kuna mentalisti atakayenitafuta kwa kuusema.

Lakini ule unaonifurahisha zaidi hauhitaji kuona chochote, ni mpangilio tu wa nani kaulizwa lini. Wenyewe wanauita kuwa hatua moja mbele. Twende taratibu. Jamaa anasimamisha watu watatu. Wa kwanza afikirie mji wowote duniani, wa pili namba yoyote ya tarakimu tatu, wa tatu atachagua bahasha moja kati ya tano zenye rangi tofauti. Anamtazama wa kwanza, anaandika kwenye kikaratasi, anakikunja, anakitumbukiza kwenye glasi, afu anamwambia "sasa sema kwa sauti wote wasikie." "Cairo." Anatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Anamgeukia wa pili, anamtazama, anaandika, anakunja, anatumbukiza, "haya sema." "412." Anamgeukia wa tatu, anaandika, anatumbukiza, na huyo anachagua bahasha, ya kijani. Vikaratasi vinamwagwa mezani vinafunguliwa: Cairo, 412, kijani. Watu wanapiga mayowe.

Angalia alichofanya. Alipokuwa anamtazama wa kwanza hakuandika mji, aliandika "kijani", maana ya bahasha alikuwa ameshaipanga lazima iwe kijani hata iweje. Alipokuwa anamtazama wa pili aliandika "Cairo", ameshaisikia sasa hivi kama nyie mlivyoisikia. Alipokuwa anamtazama wa tatu aliandika 412. Basi! Hakusoma kitu. Vikaratasi vikishachanganyika kwenye glasi hakuna anayejua kipi kiliingia lini. Na yule wa bahasha analazimishwaje? Kwa maneno. "Chukua mbili." Ikiwemo ya kijani, "sawa, tubaki na hizo". Isipokuwemo, "sawa, hizo tunazitoa". Kila unachochagua kina maana mbili na maana anaichagua yeye baada ya wewe kuchagua, mpaka inabaki ya kijani na wewe unajiona umechagua kwa uhuru wako wote.

Ndo maana nasema hao watu watatu ni wasaidizi wake. Wa kwanza kampa jibu la kikaratasi cha pili, wa pili kampa la kikaratasi cha tatu.

Kuna na zile za namba ambazo hazina hata karatasi. "Fikiria namba kati ya 1 na 50, tarakimu zote mbili ziwe witiri, na zisifanane, yaani isiwe kama 11." Wewe unasikia hamsini, unaona uwanja mpana, lakini hebu zihesabu zilizobaki: 13, 15, 17, 19, 31, 35, 37, 39. Nane! Na akisema "kwa mfano 15" watu wengi wanaikwepa 15 kwa sababu imeshatajwa, na kwa sababu fulani watu wanakimbilia 37, wanaofuata ni wa 35. Ndo maana kibaoni utakuta ameandika 35 afu ameikata akaandika 37, ukiwa wa 35 anakwambia "wewe ulibadilisha dakika ya mwisho, eti?" Akiuliza ukumbi mzima, hata wakisimama robo tu ya watu macho ya wote yanawaangalia waliosimama. Waliokaa hawahesabiwi.

Kusoma tabia za watu nitaipita haraka maana imeshaandikwa sana. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake kipimo cha haiba, afu kila mmoja akapewa "majibu yake" aseme yamempatia kiasi gani, kutoka 0 mpaka 5. Wastani ukawa zaidi ya 4. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja ileile, sentensi kaziokota kwenye kitabu cha unajimu. Ila kuna kipengele kimoja cha Kiswahili ambacho sijaona kinasemwa. Mentalisti anapenda swali la kukanusha, "huna kaka aliye mbali, eti?", ili jibu lolote limkute amesimama vizuri. Kwa Kiswahili huo mtego unanoga zaidi, maana mtu asiye na kaka anajibu "ndiyo, sina", na mwenye kaka naye anaweza kujibu "ndiyo, ninaye", kwa hiyo aliyekaa nyuma kabisa anasikia "ndiyo" tu na anaanza kuamini jamaa hakosei.

Sasa turudi kwa dada wa Rehema maana yeye hajakunja karatasi wala hajashikwa mkono. Hapa ndo kuna kitu ambacho watazamaji hawakijui kabisa: kazi inaweza kuwa imefanyika nusu saa kabla taa hazijazimwa. Watu wakiwa bado wanaingia, kuna mtu mpole mwenye beji anapita anaongea na wachache, "tunaandaa vitu vya leo usiku, msanii hawezi kuongea na kila mtu jukwaani, ungependa kushiriki? Mfikirie mtu wa zamani, mwandike hapa, kunja, kaa nayo mwenyewe mfukoni, usimwonyeshe yeyote." Dada anaandika kwenye kibao alichopewa, anaondoka na karatasi yake. Anadhani kilichobaki kwenye kibao hakimhusu, kumbe kibao kimebaki na alama ya alichoandika, na ndo hiyo inayomfikia jamaa.

Baadaye jukwaani sikiliza maneno yanavyochaguliwa. "Mimi na wewe hatujawahi kukutana, kweli?" Kweli, yeye na jamaa hawajakutana, aliyekutana naye ni mwenye beji. "Hujamwambia mtu yeyote jina unalolifikiria?" Kweli, hajamwambia mtu, kaandika. "Na hiyo karatasi unayo mwenyewe?" Au hiyo hata haulizwi, inaachwa ilale mfukoni. Kila jibu la dada ni la kweli, lakini ukumbi unasikia kitu kingine kabisa, unasikia kwamba sekunde hii ndo jina limeingia kichwani mwake kwa mara ya kwanza. Mchezo mmoja, matukio mawili: dada anashangaa jamaa kajuaje nilichoandika, ukumbi unashangaa jamaa kajuaje anachowaza. Mshangao wa dada ni wa kweli, machozi ni ya kweli, na hakuna mtu wa kupangwa anayeweza kuigiza vile. Mi hapo huwa nawavulia kofia, ni uandishi mzuri wa sentensi kuliko hata huo wanaouita usomaji wa akili.

Pia kuna habari zinazokusanywa bila kukuuliza kabisa. Mwaka 1986 James Randi, yeye mwenyewe mtu wa mazingaombwe, alimnasa mhubiri Peter Popoff aliyekuwa akiwaita watu kwa majina na magonjwa yao eti kwa ufunuo. Randi na wenzake wakakamata mawimbi ya redio ya megahezi 39.17, na kumbe ilikuwa sauti ya mkewe inaingia kwenye kifaa cha sikioni, anamsomea kadi za maombi ambazo watu walijaza wenyewe mlangoni. Mbinu ni ileile ya ukumbini, kilichobadilika ni alichokuwa anakiuza.

Na hapo nifike kwenye kinachoniudhi. Zamani mentalisti alisema anasaidiwa na mizimu. Siku hizi hathubutu, kwa hiyo anasema "mimi sina nguvu zozote, hii ni saikolojia tu, nasoma macho, pumzi, vidole vyako vinavyocheza." Tunamwona muungwana, mkweli, mtu wa sayansi. Kumbe hayo maelezo nayo mara nyingi ni sehemu ya mchezo! Mwaka 2009 Derren Brown kule Uingereza alionyesha kwenye televisheni kwamba ametabiri mipira sita ya bahati nasibu, afu siku chache baadaye akaeleza eti alitumia kundi la watu 24, wakakisia, akachukua wastani wa makisio yao. Wastani wa makisio unasaidia kujua uzito wa ng'ombe maana ng'ombe yupo na uzito wake upo, lakini mipira ambayo haijatoka hakuna anachoweza kukisia mtu, hata wawe 24,000. Na hayo ya kusoma uso, Charles Bond na Bella DePaulo mwaka 2006 walikusanya tafiti chungu nzima za watu wanaojaribu kumtambua muongo kwa kumtazama na kumsikiliza, wastani wa kupatia ukawa asilimia 54 hivi. Ukirusha sarafu unapata 50. Mtu anayekwambia kaliona jina zima la rafiki yako kwenye mboni ya jicho anakuuzia mizimu ileile, kaivalisha tu koti jeupe la maabara. Afu watu wanatoka pale wanaenda kulipia semina za "kusoma lugha ya mwili", mi hapo ndo nachoka.

Swali ambalo huwa linafuata ni mbona basi tukisimulia shoo hizi hazielezeki kabisa. Kwa sababu tunazisimulia vibaya. Miaka ya 1880 Uingereza, S. J. Davey alijifanya ana mizimu inayomwandikia kwenye vibao, akaita watu, akawachezea mbinu za kawaida za mkono, afu akawaomba waandike walichoona. Richard Hodgson alivyozilinganisha ripoti na kilichotokea kweli, mambo ya muhimu yalikuwa yameachwa: pale Davey alipotoka chumbani, pale vibao vilipobadilishana nafasi. Hawakuwa wajinga na hawakuwa waongo. Mwaka 2005 Richard Wiseman na Emma Greening walionyesha watu video ya ufunguo uliopindishwa umewekwa mezani, kwenye video moja mchezaji anasikika akisema bado unaendelea kupinda, na si wachache waliosikia hiyo sentensi walisema waliuona unapinda. Ulikuwa umetulia tu.

Kwa hiyo mpe yule dada wiki moja. Atasimulia nyumbani, kazini, kwenye basi, na kila akisimulia yule mwenye beji anazidi kufifia, maana kwake yeye ile ilikuwa ni kujaza tu kitu mlangoni, haikuwa shoo, shoo ilianza taa zilipozimwa. Mtu akimuuliza "una uhakika hukuandika popote?" atafikiria kidogo, kwa uaminifu kabisa, na atajibu hapana, nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti changu, akanitazama.